Kifua Kikibana: Kwa Nini Sista Anakuuliza Kama Umemeza Viagra

Mei 1, 2019, Iker Casillas alikuwa uwanjani akifanya mazoezi na Porto kule Ureno. Siku ya kawaida tu. Kama ulikuwa mdogo, huyu ndiye golikipa aliyekuwa nahodha wa Uhispania walipobeba Kombe la Dunia 2010. Alikuwa na miaka 37, mwili wa mchezaji, madaktari wa klabu wako karibu. Moyo ukamshika hapo hapo. Alikimbizwa hosi, mshipa ukafunguliwa, akawekewa stenti, yaani kijibomba kidogo cha waya kinachoshikilia mshipa usijifunge tena. Siku chache baadaye alitoka akitembea. Hakucheza mechi tena, lakini yuko hai.

Casillas alikuwa na bahati moja kubwa: shida ilimpata mbele ya watu wanaojua hiyo shida inakaa aje. Hakuna mtu alimwambia "ni gesi tu, kunywa Eno."

Sasa itoe hiyo stori Porto, ilete Pipeline. Gorofa ya sita, hakuna lifti, saa tano usiku. Mzae ameketi kwa sofa, ameshika kifua, jasho linamtoka na si ati kuna joto. Anasema ni ile nyama alikula. Mathe anatafuta Eno kwa kabati. Na wewe, mwenye simu iko na chaji, ndiye kila mtu anaangalia. Usiku kama huo ni wewe utaamua kama mnaenda hosi au mnangoja kukuche.

Mnaenda. Na hapa chini ni venye mambo huendeshwa ukifika, kwa nini sista anauliza maswali yanayokaa ya umbea, na zile dawa mtapewa za kurudi nazo nyumbani zinafanya nini mwilini.

Kwanza, moyo hushikwa aje? Moyo ni msuli, na kama msuli wowote unahitaji damu yake. Hiyo damu inaletwa na mishipa midogo inayouzunguka. Kwa miaka mob, mafuta hujijenga ndani ya kuta za hiyo mishipa. Siku moja lile gamba linapasuka, damu inaganda juu yake, donge linaziba njia. Sehemu ya moyo iliyokuwa inalishwa na huo mshipa inaanza kufa polepole, na ikishakufa hairudi. Ndio maana kila kitu utaona kikifanywa hosi kinafanywa mbio mbio. Kila nusu saa inayopita nyumbani mkibishana kuhusu gesi ni kipande cha moyo kinaenda.

Maumivu yenyewe mara mob si ya kuchoma kama sindano. Watu husema ni kama kuna mtu mzito amekalia kifua, ama mkanda unakazwa. Yanaweza kupanda shingoni na kwa taya, yakashuka mkononi, mara nyingi wa kushoto lakini hata wa kulia ama yote miwili, ama yakatokea mgongoni. Pamoja nayo huja jasho baridi, kichefuchefu, kukosa pumzi, na ile hofu mtu anaskia ni kama siku yake imefika. Wanawake, wazee na watu wa sukari wanaweza wasiskie kifua vile. Shosho mwenye sukari anaweza tu kuchoka ghafla, akatapika na akakosa pumzi. Hapo ndipo familia hupotezea masaa.

Na wewe wa miaka 23 unayeskia kifua kikiuma sahi ukisoma hii? Tulia kiasi. Kwa umri wako, mara nyingi ni msuli wa jimu, ni pale mbavu zinaposhikana na mfupa wa kifua, ni kiungulia, ni nimonia, ama ni wasiwasi umepanda mpaka moyo unapiga kama spika za mat. Lakini kuna vitu vinavyopata vijana na si vya kucheka navyo. Pafu linaweza kutoboka lenyewe na kunywea, na hiyo hupenda sana vijana warefu wembamba, hasa wanaovuta fegi. Donge la damu linaweza kutoka mguuni likaenda kukwama kwa mapafu. Kokeini inaweza kubana mishipa ya moyo wa mtu wa miaka 25 mpaka apate shambulio kamili. Ati "mimi ni mdogo sana kwa mambo ya moyo" ni stori za jaba.

Kabla mfike hosi

Mtu aache chochote anachofanya, akae. Mkao mzuri ni nusu kuketi, mgongo umeegemea kitu, magoti yamekunjwa kiasi. Legeza shati na mshipi. Piga 999 au 112. Msalaba Mwekundu wa Kenya nao wako kwa 1199. Ukipata mtu, usianze na hadithi ndefu. Sema: kifua kinauma, kimeanza saa ngapi, ana miaka mingapi, mko wapi, landimaki gani iko karibu. Kisha tuma mtu asimame barabarani, juu ambulensi inaweza kuzunguka mtaa nusu saa ikitafuta "ile ploti ya geti ya bluu."

Kama ambulensi haipatikani, teksi ama gari ya jirani. Mgonjwa asiendeshe. Na tafadhali, asishuke ngazi za gorofa sita kwa miguu yake ati "niko sawa." Kila ngazi inaongezea moyo kazi wakati hauna damu. Mkalisheni kwa kiti ya plastiki, wasee wawili wambebe. Itakaa ni kama drama na majirani watachungulia, lakini wacha wachungulie.

Kuhusu mahali pa kwenda: zahanati ya karibu bila mashine ya ECG itawachelewesha. Ukiweza, piga simu njiani uulize kama wako nayo na kama inafanya kazi usiku. Hospitali za kufungua mshipa kwa waya kama walivyomfanyia Casillas ni chache hapa Kenya na nyingi ziko Nairobi, lakini hospitali ambayo haina hiyo mitambo bado inaweza kuanza dawa zinazookoa na kupanga uhamisho.

Kuna jambo la doo pia, juu wengi hukwama hapo. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inarudia hiyo haki. Kwa hivyo ukiambiwa kwa geti "leteni dipoziti kwanza" na mzae anatoa jasho, usianze kuchangisha kwa WhatsApp. Taja Katiba, kwa heshima lakini kwa sauti. Bili itakuja, na mambo ya SHA mtayapanga, lakini kwanza ahudumiwe.

Na aspirini? Uliza huyo unayebonga naye kwa simu. Kama mgonjwa hana mzio nayo, hana vidonda vya tumbo vinavyotoa damu na hajaambiwa na daki asiitumie, kawaida hupewa miligramu 300 na anaitafuna, hamezi nzima. Ikitafunwa inaingia kwa damu haraka. Lakini kama maumivu ni ya kuchanika, yamekuja ghafla na yanapita hadi mgongoni, usimpe kitu. Huenda ni mshipa mkubwa wa damu umeanza kupasuka, na aspirini itazidisha kuvuja. Panadol si aspirini, haisaidii hapa. Na ile sindano ya diklofenaki ya kemisti, ambayo Wakenya tunaipenda kama chai, iache kabisa. Dawa za hiyo familia, pamoja na ibuprofeni, huongezea mtu wa moyo hatari.

Dakika kumi za kwanza

Hapa ndipo sista anakuwa nyota wa sinema. Usishangae akikuruka kwa foleni ama akiwaruka wengine kwa sababu yako. Mtu wa kifua haketi kwa benchi.

Lengo linalofuatwa dunia nzima ni ECG ifanywe ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa aingie mlangoni. Atafunguliwa shati, atabandikwa vibandiko kifuani, mikononi na miguuni, aambiwe asisonge wala asibonge. Haiumi, na haipitishi stima mwilini, licha ya venye watu husema. Inasoma tu stima ya moyo wenyewe na kuichora kwa karatasi. Kama michoro imepanda mahali fulani, timu inajua mshipa umezibwa kabisa, na mchezo unabadilika hapo.

Huku mwingine anapima presha, mapigo, pumzi, sukari, na kubana kile kidude cha kidoleni kinachosoma oksijeni. Usistuke wakipima presha mikono yote miwili. Mkono mmoja ukiwa na presha tofauti sana na mwingine, wanashuku ule mshipa mkubwa nilitaja hapo juu. Anawekwa kanula, damu inatolewa kwenda maabara kutafuta troponini, protini inayovuja kutoka kwa msuli wa moyo ulioumia. Ya kwanza ikirudi safi, damu hutolewa tena baada ya saa kadhaa, juu troponini huchukua muda kupanda. Kwa hivyo usimwambie mzae "si wamesema ni negativu, twende." Ngojeni ile ya pili.

Na mbona hawamwekei oksijeni kama kwa sinema? Zamani kila mtu wa moyo alibandikwa hiyo barakoa. Mwaka 2017 utafiti mkubwa kutoka Uswidi, wenye wagonjwa zaidi ya 6,600, ulionyesha kwamba mtu ambaye oksijeni yake iko sawa haongezewi maisha na ile ya mtungi. Siku hizi huwekwa ikiwa kiwango kimeshuka chini ya asilimia 90. Kwa hivyo si ati wanabania.

Kisha maswali. Maumivu yalianza saa ngapi hasa? Ulikuwa unafanya nini? Yanaenda wapi? Kutoka sufuri hadi kumi, yako wapi? Hapa wanaume wa Kenya hutuangusha. Mzae ako na nane lakini anasema tatu juu binti yake yuko hapo. Hiyo namba hutumika kujua kama dawa imefanya kazi, na sista atauliza tena baada ya dakika chache. Ukidanganya ya kwanza, ya pili haina maana. Ile saa maumivu yalianza nayo ni dhahabu. Mahali hakuna mitambo ya kufungua mshipa, kuna dawa ya kuyeyusha donge inayopitishwa kwa mshipa wa mkono, na hutolewa ndani ya saa 12 za kwanza, ikifanya vizuri zaidi saa za mapema. Ukisema "tangu jioni" hujasaidia. Sema "wakati habari za saa moja zinaanza." Na juu hiyo dawa inaweza kumtoa mtu damu vibaya, wataulizia kama amewahi kupata kiharusi, kama amefanyiwa upasuaji juzi, kama ameanguka akagonga kichwa.

Sasa hiyo swali ya Viagra

Inaulizwa mbele ya mathe, wakati mwingine. Mzae anaangalia dari. Sista hana ushushushu wowote, anataka tu kumwekea kidonge cha chini ya ulimi, na hicho kidonge na Viagra wakikutana wanaweza kumwangusha.

Hicho kidonge ni nitrogliserini. Ndiyo, ile ile inayotengeneza baruti. Alfred Nobel alitajirika nayo kwa kuvumbua baruti aina ya dinamiti, na miaka ya mwisho ya maisha yake, kabla ya kufa 1896, madaktari walimwandikia hiyo hiyo kama dawa ya moyo. Mwilini haipasui kitu. Inageuka kuwa gesi ndogo inayoambia mishipa ilegee. Mishipa ikilegea, moyo unasukuma dhidi ya mzigo mdogo na maumivu yanapungua.

Viagra nayo, ambayo jina lake la dawa ni sildenafili, ilianza maisha ikijaribiwa kama dawa ya kifua. Wanasayansi wa Pfizer walikuwa wanatafuta tiba ya presha na maumivu ya moyo. Kwa kifua haikufanya maajabu, lakini wanaume waliokuwa kwa majaribio wakaripoti kwamba mambo mengine yamesimama vizuri, na 1998 ikaidhinishwa Marekani kwa hiyo kazi nyingine. Inafanya hivyo kwa kuzuia mwili usifute ile ishara ya kulegeza mishipa.

Unaona shida iko wapi. Nitrogliserini inatuma ishara ya kulegea, Viagra inazuia ishara isifutwe. Mishipa inalegea kupita kiasi, presha inaporomoka, ubongo na moyo wenyewe vinakosa damu. Ndiyo maana kama umemeza sildenafili ndani ya saa 24, hupewi nitrogliserini. Tadalafili, ile inayokaa mwilini wikendi nzima, ni saa 48. Na usiseme "mimi nilikunywa ya mitishamba tu." Zile poda na kahawa za kuongeza nguvu zinazouzwa mtaani na mtandaoni, mara nyingi zimepatikana zikiwa zimechanganywa na sildenafili bila kuandikwa popote. Itaje pia.

Hiyo si swali ya wazee peke yao. Vijana siku hizi wanameza hizo tembe kama peremende za kujionyesha, wengine wakiziweka pamoja na keg na veve. Ukiingia hosi na kifua, sema yote. Kama ni kokeini, sema kokeini, juu kuna dawa za kupunguza mapigo ambazo zinaweza kuharibu mambo zikikutana nayo, na daki atachagua nyingine. Unachomwambia sista ni siri ya matibabu, haendi kukuchoma kwa karao. Ukitaka, mwambie "naomba tubonge bila familia." Atawatoa nje mara moja.

Akishapewa dawa, mgonjwa hulazwa kitandani bila kuamka hata kwenda choo, na hapo ndipo familia hugombana na wauguzi. "Mbona mnamfungia?" Juu kutembea ni kazi kwa moyo. Mashine inayolia pembeni inafuatilia mapigo yasipotee njia, kwa sababu saa za kwanza ndizo moyo hupenda kupiga ovyo na kusimama. Leteni blanketi na chaja, msilete chips. Na mkipokezana kukaa naye, awe mmoja mmoja na mbonge polepole. Hofu nayo hupandisha mapigo.

Dawa za kubeba nyumbani

Siku ya kutoka, mtapewa karatasi na mfuko wa tembe, na kila mtu anataka tu kufika keja. Hapa usikimbie. Sista mzuri hatauliza "umeelewa?" juu kila Mkenya husema ndiyo. Atakuambia umwelezee wewe, kwa maneno yako, kila dawa ni ya nini na inamezwa lini. Asipokuambia, mwelezee tu. Ukikwama, hujaelewa.

Ile chupa ya chini ya ulimi ndiyo watu hukosea zaidi. Kifua kikianza, kaa chini kwanza. Ukimeza umesimama unaweza kuanguka. Kama mdomo ni mkavu, lowesha na maji kidogo. Weka tembe moja chini ya ulimi, iache iyeyuke, usimeze wala kutafuna. Angalia saa. Dakika 5 zikiisha na maumivu yako pale pale ama yamezidi, piga simu ya ambulensi hapo hapo, usingoje kumaliza chupa. Ukiwa unangoja msaada unaweza kuweka ya pili, na dakika 5 baadaye ya tatu, kama ndivyo karatasi yako inasema. Tatu ndiyo mwisho. Kichwa kitauma na utaskia joto usoni. Hiyo ni dawa ikifanya kazi, si sumu.

Zikae kwa chupa yake ya kioo cheusi, imefungwa vizuri, mbali na jiko na jua. Usizihamishie kwa karatasi ama kile kikopo cha dawa zote, na usiziweke mfuko wa suruali unaobana mwili, juu joto huziua. Muulize famasia zitadumu muda gani baada ya kufungua, uandike hiyo tarehe kwa chupa. Na jirani akishika kifua, usimgawie yako.

Aspirini ndogo, ya miligramu 75 hivi, kila siku baada ya kudishi. Pamoja nayo, hasa kama kuna stenti, huja klopidogreli. Zote mbili zinazuia chembe za damu zisishikane. Hapa skiza vizuri: watu hukaa miezi miwili, wanaskia poa, doo inakuwa ngumu, wanaamua kuacha moja. Stenti mpya ni chuma ndani ya mshipa, na bila hizo dawa damu inaweza kuganda juu yake kwa mpigo mmoja. Mara nyingi zinatumiwa pamoja hadi mwaka mzima, na anayesema zikome ni daki wa moyo. Si daktari wa meno anayetaka kung'oa jino, si pasta, si mjomba wa Facebook. Doo ikiisha, rudi kliniki useme imeisha. Kuna dawa za bei nafuu za aina ile ile. Kama unameza omeprazoli ya vidonda, itaje, juu inaweza kupunguza nguvu ya klopidogreli. Kinyesi kikiwa cheusi kama lami, ukitapika damu, ama pua ikikataa kukauka, rudi hosi siku hiyo hiyo.

Ya kupunguza mapigo, kama metoprololi, bisoprololi ama atenololi, inaupumzisha moyo. Kuikata ghafla kunaweza kuurudishia moyo shambulio, kwa hivyo usingoje iishe ndiyo utafute nyingine. Kama uko na asthma, sema kabla uandikiwe. Ya presha kama enalaprili inaweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha. Watu huenda kununua dawa ya kikohozi kumbe wangebadilishiwa tembe tu. Midomo ama ulimi ukivimba, hiyo ni dharura, usingoje kliniki. Dem anayepanga mtoto amwambie daki mapema, juu enalaprili haifai na mimba.

Ya kolesteroli, kama atovastatini, ndiyo watu huidharau zaidi kwa sababu haifanyi uskie chochote. Inatuliza yale magamba ndani ya mshipa yasipasuke tena. Misuli ikiuma mwili mzima bila sababu na mkojo ukawa kama koka, rudi uonwe.

Kazi yako wewe kijana kwa haya yote ni rahisi na ni ya maana: weka alamu kwa simu ya mzae, piga picha karatasi ya dawa ikae kwa simu yako na ya mathe, na hesabu tembe kila wiki mbili. Dozi ikisahaulika, asimeze mbili kufidia. Na fegi ziende. Mkiketi naye kwa balkoni mkivuta pamoja ati yeye haushiki, moshi wako anaupata.

Kuna swali moja linalobaki, na watu hutoka wodini bila kuliuliza: mechi chumbani inarudi lini? Wauguzi huwa na kipimo rahisi. Kama unaweza kupanda ngazi za gorofa mbili kwa mwendo wa haraka kiasi bila kifua kubana wala pumzi kukatika, moyo wako kwa kawaida unaweza hiyo kazi. Wengi hufika hapo ndani ya wiki chache, wengine baadaye. Dawa za moyo zinaweza kupunguza mori, na mwanaume akiona hivyo anaacha tembe kimyakimya bila kuambia mtu. Asiache, kuna za kubadilisha. Na asikimbilie ile ya bluu kabla ya kuuliza, juu ile chupa ya chini ya ulimi bado iko kwa droo. Muulize sista siku ya kliniki. Hiyo swali ameiskia mara mob na hatacheka.